Mota ya posho, altaneta au mota ya kufulia nguo: ipi itakupa stima ya upepo?

*«Mwalimu, pokea salamu kutoka Mau Narok. Nguzo za stima ziliishia mbali na boma letu na tumechoka kungoja. Huku kwetu upepo hauishi, hasa mchana ngano ikishavunwa na mashamba kubaki wazi. Nina vitu vitatu stoo: mota ya nguvu ya farasi 2 iliyotolewa kwenye mashine ya kusaga posho, altaneta ya Toyota, na mota ya mashine ya kufulia nguo, pana kama sahani, niliyoipata kwa muuza vyuma vikuukuu Nakuru. Jirani ananiambia mota ya posho ikizungushwa na upepo itatoa wati 1,500, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye kibati chake. Fundi wa magari anasema nitumie altaneta, maana imeshatengenezewa betri ya volti 12. Nataka taa nne, televisheni, kuchaji simu za nyumbani, na friji ndogo ya maziwa. Nianze na ipi, na mapanga yawe na urefu gani?»*

Ndugu yangu, umeuliza vizuri, kwa sababu umetaja kila ulicho nacho na kila unachokitaka. Nianze na jibu lenyewe ndipo nieleze. Mota ya kufulia nguo ndiyo yenye nafasi, ikiwa ina sumaku ndani, na nitakuonyesha jinsi ya kujua hilo leo hii bila kifaa chochote. Ile ya posho na altaneta ziweke kando. Mapanga, yaani mabawa yanayosukumwa na upepo, yafanye ya kipenyo cha mita 2. Friji iondoe kwenye hesabu kabisa kwa sasa.

Zile wati 1,500 zinawapotosha watu wengi. Kibati cha mota kinasema mota ile ingefanya kazi kiasi gani ikilishwa stima ya Kenya Power. Hakisemi itatoa nini ikizungushwa. Nguvu haitoki kwenye mota, inatoka kwenye upepo, na upepo unaoweza kuuvuna ni ule tu unaopita ndani ya duara linalofagiwa na mapanga yako. Ukifunga mota ya wati 1,500 kwenye mapanga yanayopokea wati 20, utapata chini ya 20.

Hesabu yake si ngumu. Chukua nusu ya uzito wa hewa katika mita moja ya ujazo, zidisha kwa eneo la duara, kisha zidisha kwa kasi ya upepo mara tatu, yaani kasi kwa kasi kwa kasi. Hiyo mara tatu ndiyo siri ya kazi yote. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Sasa angalia kwako. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.2 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, ni kama kilo 1.04. Wewe uko juu zaidi, karibu mita 2,800, na huko hewa ni nyepesi, kama kilo 0.88 tu. Kwa hiyo upepo wa kasi ile ile unaopita Mombasa ukiwa na nguvu fulani, ukipita shambani kwako una zaidi ya robo pungufu.

Mapanga ya kipenyo cha mita 2 hufagia eneo la mita za mraba 3.14. Upepo ukivuma mita 4 kwa sekunde, unaopita hapo una wati 88. Huwezi kuzichukua zote, kwa sababu hewa lazima iendelee kutoka upande wa pili; Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59. Mtambo wa kujitengenezea, ukishapoteza kwenye mapanga, beringi, koili na diodi, ukichukua robo umefanya kazi nzuri. Hiyo ni wati 22. Upepo ukishuka hadi mita 3, zinabaki 9. Ukipanda hadi mita 8, unapata kama 177.

Chukua zile wati 22 saa 24: ni kama wati-saa 530 kwa siku. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Televisheni ndogo ya volti 12 yenye wati 20, saa nne, ni 80. Simu tatu ni kama 30 au 40. Jumla ni 220 hivi, na hata ukitoa kinachopotea kwenye betri, hesabu inakubali. Friji ndogo ya kawaida peke yake inaweza kula karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Ukiiunganisha hapo utakuwa na giza na maziwa yataharibika vilevile.

Hayo yote yanasimama juu ya ule upepo wa mita 4, nami sijui kama unao. Wewe pia hujui bado. Unasema upepo hauishi, nami nakuamini kwamba unausikia, lakini mwili wa mtu husikia upepo wa mchana na kusahau usiku wote uliotulia. Mtambo hauli sifa za saa nane mchana, unakula wastani wa mwezi mzima. Watu huniambia mbona Ngong pana mitambo ya upepo, mbona kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, imesimikwa 365 yenye megawati 310? Kule Turkana upepo unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, unapita kwa kasi mchana na usiku, na watu waliupima miaka mingi kabla ya kuchimba msingi. Sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya haiko hivyo. Kando ya ziwa, Kisumu na Homa Bay, kuna upepo wa ziwani alasiri na wa kutoka nchi kavu usiku, na katikati yake kuna saa za kimya. Sehemu za wazi za Mau zinaweza kuwa bora, lakini neno «zinaweza» halichaji betri.

Kwa hiyo pima. Simika mti mrefu shambani, mbali na miti, ufunge kitambaa chepesi juu yake. Kitambaa kikinyooka na majani na vijiti vidogo vikitikisika bila kutulia, uko kati ya mita 3.4 na 5.4 kwa sekunde. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakiyumba, uko kati ya 5.5 na 7.9. Majani yakinong'ona tu na upepo ukausikia usoni, uko chini ya 3.4, na hapo hamna stima ya maana. Andika daftarini asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, kwa miezi miwili au mitatu. Kipimo kidogo cha mkononi cha kasi ya upepo kikipatikana, kinasaidia zaidi. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, njiani kwako. Piga hodi idara ya uhandisi uwaulize kuhusu vipimo vya hali ya hewa vya eneo hilo. Kazi ya daftari inachosha, lakini ndiyo itakayoamua kama utatumia pesa zako vizuri, na ningekuomba usikate bomba hata moja kabla ya kuimaliza.

Sasa turudi kwenye mota. Mapanga matatu ya kipenyo cha mita 2 katika upepo wa mita 4 huzunguka kama raundi 200 kwa dakika, labda 230 yakichongwa vizuri. Shika namba hiyo 200, maana ndiyo inayochuja vitu vyako vitatu. Unachotafuta ni mashine ambayo kwenye raundi 200 tayari inatoa volti 13 au 14, kwa sababu betri ya volti 12 haipokei kitu mpaka volti zinazoingia zizidi zake.

Mota ya posho haina sumaku. Ukiifungua utaona katikati silinda ya chuma yenye vipande vya alumini vilivyopita ndani yake, bila koili wala brashi. Inapofanya kazi, stima kutoka nje ndiyo inayoumba usumaku ndani ya ile silinda. Ukiizungusha peke yake, hakuna wa kuuumba, na waya zake zitakaa kimya. Kuna njia ya kuiamsha kwa kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji, ikitegemea mabaki kidogo ya usumaku ndani ya chuma, lakini lazima izungushwe karibu na raundi 1,500 na mzigo wake usibadilike ovyo. Ukiizidishia mzigo, usumaku unapotea na stima inazimika yote. Kutoka raundi 200 hadi 1,500 unahitaji kuongeza mwendo mara saba na nusu kwa mkanda au gia, na mkanda wenyewe utakula sehemu kubwa ya zile wati 22 na kufanya mapanga yashindwe hata kuanza kuzunguka asubuhi. Ndiyo maana hesabu ya jirani yako haifiki popote.

Hata hivyo usiipeleke kwenye mizani ya vyuma. Mota ya aina hiyo hufanya kazi nzuri sana kwenye maji, kwa sababu maji hutelemka kwa mwendo ule ule usiku na mchana. Miradi midogo ya kijiji kule Kirinyaga, ya Kathamba na Thima, ilitumia mota za namna hiyo kuzalisha stima ya taa. Mau ina vijito vingi vyenye mteremko. Kama kuna kimoja karibu na boma lenu kisichokauka Februari, niandikie tena, hilo ni somo lingine lenye matumaini kuliko hili.

Wengine huzitia mota hizi sumaku: wanapeleka ile silinda kwa fundi wa leith, mashine ya kuchonga chuma, inapunguzwa, kisha sumaku kali za neodimia zinagandishwa kuizunguka. Inawezekana, na wapo walioifanya ikafanya kazi. Lakini sumaku hizo ni ghali, hupoteza nguvu zikipata joto la nyuzi 80 na zaidi, hubana vidole hadi kuvunja mfupa, na gundi ikiachia mtambo ukiwa kwenye kasi, kila kitu kilichomo ndani kinasagika. Siipendekezi kama kazi ya kwanza.

Kuhusu altaneta, fundi wako amesema kweli nusu. Ni kweli imetengenezewa betri ya volti 12, lakini imetengenezewa injini. Injini ya gari ikinguruma taratibu tu, altaneta tayari inazunguka zaidi ya raundi 1,500. Kwenye raundi 200 haina la kutoa. Na kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi: nayo haina sumaku za kudumu. Ina koili katikati ambayo lazima ilishwe stima kutoka kwenye betri, kama ampia 3, yaani wati 36. Upepo wako wa mita 4 unaleta 22. Kwa hiyo katika upepo wa kawaida ingekula zaidi ya inavyoleta, na upepo ukilala usiku mzima huku koili imeunganishwa, asubuhi utakuta betri imepoteza ampia-saa 30. Altaneta nyingi zilizofungwa juu ya mabomba zimeishia hapo, na wenyewe wakalaumu betri.

Twende kwenye ile pana kama sahani. Mashine za kufulia zina mota za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ndogo, ndefu kidogo, ina brashi mbili za kaboni na puli ya mkanda. Hiyo ina koili badala ya sumaku, huzunguka kwa maelfu ya raundi, na haifai. Ya pili ndiyo ninayodhani unayo: bapa na pana, isiyo na mkanda, inayofungwa moja kwa moja nyuma ya pipa. Ina duara la nje lenye sumaku zilizopangwa ndani ya ukingo wake, na duara la ndani lenye koili nyingi zilizozungushwa kwenye meno ya chuma. Ilitengenezwa kuzungusha pipa polepole, na huo ndio mwendo tunaoutaka.

Ishike mkononi sasa. Zungusha duara la nje polepole kwa kiganja. Utasikia likikwama na kuachia, likikwama na kuachia. Hizo ni sumaku zinavutwa na meno ya chuma. Kisha tafuta waya tatu zinazotoka kwenye koili, zigusishe ncha zote tatu pamoja na uzifunge, halafu zungusha tena. Ikiwa sasa imekuwa nzito, kama kwamba kuna mtu anaishikilia kutoka ndani, una jenereta mkononi. Ikiwa uzito haukubadilika hata kidogo, sumaku hazipo au koili zimekatika. Pia angalia kila sumaku kwa tochi. Maji ya sabuni yanapokauka huacha ukoko mweupe, na chini ya ukoko huo kutu huwa imeanza kuinua sumaku kutoka kwenye ukingo. Yenye ufa itatoka siku ya upepo mkali. Beringi na shafti ya mota hizi hubaki kwenye pipa la mashine, kwa hiyo rudi kwa yule muuza vyuma ukamuulize kama bado ana sehemu ya nyuma ya pipa. Ukiikata hiyo ikiwa na beringi zake, umeokoa kazi kubwa ya kuchomelea.

Baada ya hapo pima volti. Funga shafti kwenye drili ambayo raundi zake unazijua kwa kibati chake, weka mita kwenye volti za AC, na upime kati ya waya mbili zozote. Gawanya volti kwa raundi. Tuseme kwa mfano drili ya raundi 600 imekupa volti 45: hiyo ni volti 0.075 kwa kila raundi, na kwenye raundi 200 utapata 15. Ungekuwa umefika. Lakini jiandae, mota nyingi za kufulia hutoa volti nyingi mno, zaidi ya mia moja kwenye mwendo huo, na ampia chache. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni hatari: volti hizo zinaua, hata kama kitu kilitoka kwenye vyuma vikuukuu, kwa hiyo usishike ncha za waya wakati drili inazunguka. La pili ni kazi ya fundi wa kusuka mota. Koili za kila mstari, yaani za kila mmoja wa zile waya tatu, zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Zikikatwa na kuunganishwa upya kwa makundi yaliyo sambamba, volti zinashuka na ampia zinapanda. Mwambie asibadilishe mwelekeo wa koili yoyote. Moja ikigeuzwa, inapigana na wenzake. Kingo za meno ya chuma akizisugua kidogo kwa tupa, ule mkwamo unapungua na mapanga yataanza kuzunguka kwenye upepo mdogo zaidi.

Mwenzetu William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga mtambo wake akiwa kijana aliyetoka shule kwa kukosa karo, alitumia dinamo ya baiskeli, feni ya trekta na mapanga ya bomba la plastiki. Watu husimulia ujasiri wake, na unastahili kusimuliwa. Mimi hupenda kuonyesha wanafunzi kwamba pia alichagua mashine sahihi: ndogo, lakini yenye sumaku.

Mapanga yachonge kwa mbao, ya saipresi iliyokauka na isiyo na vifundo. Bomba la plastiki ni rahisi kukata na linafaa kwa kujifunzia, ila jua la juu hulifanya kuwa gumu na kupasuka, na bomba refu hujipinda hadi kugonga mlingoti. Elewa kasi iliyopo pale nchani. Upepo wa mita 12 kwa sekunde ukivuma, ncha ya panga inakwenda karibu kilomita 260 kwa saa. Panga likikatika hapo halianguki chini ya mlingoti, linarushwa. Kwa hiyo yapime uzito yalingane kabisa, usisimame kwenye mstari wa duara lake, na usikubali kukosa mkia wa kujikunja. Hugh Piggott wa Scotland, ambaye michoro yake imefuatwa na mafundi wengi duniani, huweka kichwa cha mtambo kando kidogo ya mlingoti na kuufunga mkia kwa bawaba iliyoinama, ili upepo ukizidi, mtambo wote ujigeuze ubavu bila mtu kuugusa. Hiyo si nyongeza ya baadaye.

Mlingoti usiufunge kwenye paa. Upepo unaopita juu ya nyumba umevurugika, na mtikisiko utalegeza misumari ya mabati. Mtambo unapaswa kuwa juu kwa mita 9 au 10 kuliko mti au nyumba yoyote iliyo ndani ya mita mia hivi, na najua mashamba ya kwenu yamezungushiwa saipresi. Tafuta sehemu iliyo wazi. Mabomba mawili ya mita 6 hukupa mita 12, ukiyashikilia kwa waya za chuma pande nne na kuyafunga chini kwa bawaba ili ulaze mlingoti wote chini unapotaka kutengeneza. Upepo wa mita 15 kwa sekunde utausukuma ule upeo kwa nguvu ya uzito wa kilo 28 hivi, na dharuba zaidi. Nanga za waya zisiwe vigingi vya kufungia ng'ombe. Chimba, mwaga zege.

Kutoka kwenye mlingoti, waya tatu zinaingia kwenye diodi za daraja la mistari mitatu, zinazogeuza stima ya AC kuwa ya DC inayopokelewa na betri, na baada ya hapo ni mistari miwili hadi kwenye betri. Usitumie waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali mrefu. Ampia 8 zikisafiri mita 40 ndani yake zinapoteza volti 4.5, karibu theluthi ya ulizotoa. Kwa waya wa milimita 16 hasara ni kama 0.7. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na betri yenyewe iwe ya sola, si ya gari, ikae mahali penye hewa, na usiitumie zaidi ya nusu.

Kidhibiti cha chaji ndicho kinachowaunguza wengi. Kile cha sola hukata paneli betri ikijaa, na paneli haijali. Mtambo wa upepo ukikatwa hauna tena kinachouzuia. Unazunguka kwa kasi inayopanda, volti zinapaa, kidhibiti kinaungua, kisha mapanga yanafuata. Lazima upate kidhibiti cha upepo, kinachohamishia stima ya ziada kwenye koili ya kupasha joto badala ya kuikata. Weka pia swichi ya kuunganisha zile waya tatu pamoja. Ndiyo breki yako, nawe unaikumbuka kutoka ulipoizungusha mota kwa mkono. Itumie kabla dhoruba haijafika. Ikishapamba moto, breki hiyo inaweza kuchoma koili.

Radi nayo usiidharau. Kuanzia Kakamega hadi Kisii na kwenye miinuko yote ya upande huu hupiga sana, na wewe utakuwa umesimamisha chuma kirefu mahali pa wazi. Mlingoti na kila waya wa kuushikilia viunganishwe na fito za shaba zilizozama ardhini. Mawingu yakikusanyika, kaa mbali navyo.

Sasa nikuambie ninachoamini. Kama lengo lako ni mwanga tu, paneli moja ya wati 100 kwa jua letu itakupa kama wati-saa 350 hadi 400 baada ya hasara, bila beringi, bila mlingoti, bila kupanda popote, na kwa pesa pungufu ya zege, mabomba na waya wa milimita 16. Ningekushauri uanze na hiyo na betri nzuri. Upepo uje wa pili, kwa ajili ya usiku na ile miezi ya Juni na Julai ambapo ukungu hukaa Mau siku nzima, na ikiwa tu daftari lako limeonyesha wastani wa mita 4 na zaidi. Likionyesha mita 2 au 3, mota ya kufulia ihifadhi na usijilaumu, hakuna ufundi unaotengeneza upepo usiokuwepo.

Kuna kazi ambazo usizifanye kwa kusoma jibu langu peke yake. Kusimamisha mlingoti kunahitaji watu wazima kadhaa na mmoja aliyewahi kufanya hivyo. Ukiweka inveta, kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe kama ya nguzo, na kuunganisha nyaya za nyumba, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Na siku nguzo za Kenya Power zitakapofika kwenu, mtambo wako usigusane kamwe na mstari wao bila swichi ya kubadilishia iliyowekwa na fundi huyo, kwa sababu stima yako ikirudi kwenye laini iliyozimwa, itapanda kupitia transfoma na kumkuta mfanyakazi aliye juu ya nguzo akiamini pako salama.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: funga kitambaa shambani, na upime ile mota kwa drili. Nitumie volti, raundi za drili, na idadi ya sumaku na koili ulizozihesabu, nami nitakuchorea namna ya kuzigawa koili kabla hujamlipa fundi wa kusuka.